Mbegu za Kwenye Soksi

Tarehe 9 Agosti

Kwako Kinyozi, mzee mwenzangu ambaye akili haijazeeka kwa sababu haijawahi kutumika,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamegoma. Usiniulize kwa nini sikupigii simu. Simu nimempa mjukuu aichezee. Mtu hawezi kumtukana rafiki yake vizuri kwenye simu. Ukifika katikati ya tusi salio linakwisha, unabaki na nusu iliyobaki imekukwama kooni.

Nakuandikia habari za maua. Cheka upesi umalize, kisha usome.

Najua mimi ni fundi viatu, na ua pekee nililowahi kulitazama kwa makini ni lile lililochorwa kwenye kopo la dawa ya viatu. Maua ya hapa uani yalikuwa ya marehemu mke wangu. Alipoondoka mwaka jana, yakabaki yananitazama kama wateja ambao viatu vyao havijakamilika. Sasa kijana wangu mkubwa, yule mwenye tumbo na vyeti, ameamua kumwaga zege ua mzima apate mahali pa kuegesha gari akija kunisalimia. Anakuja akikumbuka kwamba ana baba, anakaa kama anayekalia kaa la moto, anaondoka. Zege la kudumu kwa ajili ya mgeni wa nusu saa! Nikamuuliza, "Na maua ya mama yako?" Akanijibu, "Mzee, maua siku hizi yanauzwa kwenye vikopo." Nikarudi kibandani kwangu kushona viatu. Nimemzaa mwenyewe, siwezi kumrudisha nilikomtoa.

Hayo mengine yakifa sitalia. Lakini lile jekundu, lile zito lenye rangi kama ya ini, silioni kwa mtu mwingine yeyote. Marehemu alipewa mbegu na mama yake, na mama yake sijui alipewa na nani. Hilo likizikwa kwenye zege basi limekwisha duniani, maana mimi dunia yangu ndiyo hii mitaa ninayoifikia kwa magoti haya.

Kwa hiyo nimechuma mbegu niwagawie marafiki wenye udongo, na mimi nibaki na chache za kupanda kwenye ndoo. Marafiki wenye udongo nimebaki na wawili: wewe na Dereva, yule mstaafu wa malori. Ona nilivyofilisika.

Kazi nimeifanya kwa ufundi. Nimechuma vichwa vilivyonona, vya kijani, vimejaa maji, ukikibinya kimoja kinakutemea utomvu usoni. Vile vilivyosinyaa na kuwa vyeusi nimevifagilia pembeni pamoja na taka za kibandani. Mgao wa kila mtu nimeutia kwenye kopo tupu la dawa ya viatu, nikazungushia kifuniko gundi, hewa isiingie wala isitoke. Hata mdudu akitaka kuzila itabidi alete patasi.

Kopo lako hilo hapo. Usizipe kuku.

Rafiki yako ambaye hana la kufanya,
Gundi


Tarehe 15 Agosti

Shemeji,

Sikuandikii kwa mapenzi. Mwanao amenipigia kuniuliza bei ya saruji huku kwetu, ndipo nikasikia habari ya zege. Nimemjibu kwamba mimi nilikuwa mkunga, sikuwa duka la vifaa vya ujenzi, nikakata simu.

Naomba mbegu za lile ua jekundu la dada yangu. Ni ua la mama yetu. Langu lilikufa mwaka ule wa ukame nikiwa zamu hospitali, nikajiambia si kitu, dada analo. Sasa dada hayupo.

Sijasahau uliyosema siku ya mazishi, kwamba hutakanyaga kwangu hata ubebwe kwenye machela. Na wewe najua hujasahau niliyokuambia mbele ya watu, kwamba dada yangu ameishi maisha yake yote na mtu asiyejua tofauti ya ua na magugu. Sifuti neno. Nimekuomba mbegu, sikukuomba msamaha.

Ukiwa na utu, mpe kondakta wa basi la asubuhi. Kwangu anapafahamu.

Dada wa marehemu,
Mkunga


Tarehe 20 Agosti

Kwa Shemeji mtukufu, mpokeaji wa watoto na mtoaji wa maneno,

Barua yako nimeipokea nikiwa nimesimama, kwa heshima. Nilitaka kuvua kofia, nikakumbuka sina.

Umeomba mbegu, nami nani nikunyime? Nimekuchagulia zilizo bora kuliko zote. Marafiki zangu nimewapa za kawaida tu. Wewe ni damu ya marehemu, umepata zako peke yako. Nimezihifadhi kwenye soksi yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nikiivaa siku za maana. Usistaajabie harufu. Wataalamu wanasema mbegu hupenda joto la binadamu.

Zipande kwa upendo. Zikikataa kuota, usimlaumu mtu. Pengine udongo wa huko umezoea kugombezwa.

Mtumishi wako mnyenyekevu,
Shemeji Gundi


Tarehe 20 Agosti, jioni

Kinyozi,

Keti chini kabla hujaendelea. Na kama una mteja kitini mpe kioo ajitazame, maana utacheka na wembe mkononi umkate.

Dada wa marehemu ameniandikia! Yule mkunga, yule aliyenisimamisha kaburini akanisomea hukumu mbele ya mashemasi, majirani na mwenye kuchimba. Mke wangu bado hajafunikwa, yeye ananiita mjinga wa maua. Halafu mwaka mmoja tu umepita anataka mbegu! Hakuna "tafadhali," hakuna "habari za magoti." Ameagiza kama anaagiza pamba na spiriti.

Basi nimemtumia. Unakumbuka zile takataka nilizofagilia pembeni? Vile vichwa vyeusi vilivyokufa na kusinyaa, makapi, vijiti, vumbi la soli? Nimevizoa kwa koleo, nikavisokomeza kwenye soksi. Ile soksi iliyobaki mjane, ya kulia, yenye tundu la kidole gumba. Nikaifunga fundo, nikamkabidhi kondakta kwa mikono miwili kama nakabidhi mahari.

Hebu mwazie amevaa miwani, anapanda uchafu wa kibandani kwangu mstari kwa mstari, anaumwagilia kila asubuhi na kuusemesha. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Wale vibonge wa kijani tunao sisi. Tunza kopo lako.

Gundi


Tarehe 2 Novemba

We Gundi,

Mvua ilinyesha, nikatengeneza tuta, nikaliinua kama kitanda cha harusi. Mke wangu akaniuliza naoa lini. Nikaenda kuchukua kopo lako. Kifuniko kiligoma kwa kisu, kikagoma kwa bisibisi, nikakitia nyundo.

Ndugu yangu, mimi nimenyoa ndevu za kila aina. Nimenyoa za bwana harusi, za maiti, na za yule mzee wa sokoni aliyekuwa akifuga mende ndani yake. Lakini ndevu nilizozikuta ndani ya kopo lako sijawahi kuziona. Ukungu! Wa kijani na mweupe, mrefu, unaweza kuuchana. Harufu ikamtoa mteja kitini amenyolewa nusu kichwa, na mpaka leo hajarudi kumalizia.

Nikasema pengine ndivyo mbegu za mafundi viatu zilivyo. Nikaupanda huo ujiuji. Nikangoja. Kimeota kitu kimoja, mke wangu akakitazama akasema ni mchicha, tukakila.

Dereva nimekutana naye. Lake alilifungua ndani ya gari la mkwewe. Sasa hivi hawasalimiani.

Ulichuma nini wewe mzee?

Kinyozi


Tarehe 9 Novemba

Kinyozi,

Ulipoanza kuandika matusi nilidhani umezimwagilia maji ya kunyolea. Nikajisemea, nimempa dhahabu mtu wa mapovu. Nikaenda kufungua kopo langu ili nikuaibishe.

Nisikufiche. Langu lina ndevu kuliko lako.

Jirani yangu, yule mama muuza mboga, nilimwonyesha nikiwa nimeshika pua. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Akaniambia polepole, kama anavyomwambia mtoto asile sabuni: "Mzee, hizi ulizichuma mbichi. Ua unaliacha likauke hukohuko shinani mpaka liwe jeusi na baya. Ndipo mbegu inakuwa imeiva. Hizi zilikuwa bado zinanyonya. Halafu ukaziziba pumzi." Akaniuliza vile vyeusi nilivipeleka wapi. Nikamwambia nimevitupa. Sikuwa na uso wa kumwambia nilikovitupa.

Mashina yote yameng'olewa, na zege limemwagwa Jumamosi. Kijana amesimama akiwa na helmeti, eti anasimamia. Nilitoka na kijiko, Kinyozi, na hili nakuomba usilisimulie kwenye kiti chako cha kunyolea. Nilitoka na kijiko cha chai nikapiga magoti kutafuta kimoja tu cheusi, kimoja kilichobaki. Kijana akasema, "Mzee, unachafua kazi." Sasa ua wote ni mgumu, mweupe, unaumiza macho mchana. Ndoo yangu ipo mlangoni, ina udongo mtupu. Mbu wameipenda.

Kilichobaki cha mke wangu kiko kwenye soksi, kwa mtu ninayemdharau kuliko watu wote walio hai. Na pengine ameshakitia jalalani, kama mtu yeyote mwenye pua angefanya.

Gundi


Tarehe 18 Desemba

Shemeji,

Yameota.

Yameota kando ya ukuta wote, kuanzia tangi la maji mpaka dirisha la chumba changu. Jana la kwanza limefunguka. Nilitoka na mswaki mdomoni nikasahau kupiga mswaki.

Nimekaa nikafikiri. Nilidhani wewe ni mtu wa chuki, kumbe ulinitumia zilizoiva sawasawa, kavu, zenye pumzi, kama alivyozitunza dada. Nasikia kwa mwanao kwamba za marafiki zako zote zimeoza. Kumbe kweli ulinichagulia mimi bora. Pengine nilikukosea siku ile kaburini. Niambie, ulijuaje kuzichagua?

Mkunga


Tarehe 24 Desemba

Kwa Shemeji mpendwa,

Sifa si kitu ninachopenda, lakini umeuliza.

Kuchagua mbegu ni kipaji. Wengine wanadanganywa na unono. Wanaona kitu cha kijani, kimejaa, wanakimbilia. Mimi jicho langu ni la fundi. Nikakitazama kile cheusi, kilichosinyaa, nikasema: huyu ndiye. Nikavichambua kimoja kimoja chini ya taa, miwani puani, nikikufikiria wewe. Hata soksi ilikuwa makusudi, mbegu inahitaji kuhema. Mambo haya marehemu tulikuwa tukiyazungumza sana.

Hao marafiki zangu waliharibu wenyewe. Mmoja kinyozi, mwingine dereva wa malori, utategemea nini.

Kuhusu maneno ya kaburini, nimekusamehe. Mimi si mtu wa kuweka vitu moyoni.

Sasa jambo dogo tu. Kwa bahati mbaya hapa kwangu pamebaki padogo pa kupanda, lakini ndoo ninayo. Zikiiva, nifungie kidogo umpe kondakta. Punje kadhaa zinatosha. Nakuomba tu kama mtaalamu mwenzako.

Gundi


Tarehe 2 Januari

Shemeji,

Nilitaka nione utajivisha taji kubwa kiasi gani. Nimeona. Limekuziba mpaka macho.

Ndani ya soksi yako nilikuta misumari ya viatu, kisigino cha mpira, kipande cha sigara, kitana kisicho na meno na mende aliyekufa akiwa ameshangaa. Eti ulichambua kimoja kimoja chini ya taa! Ulizoa taka, Shemeji. Ulinitumia jalala lako kwa basi na nauli ukalipa.

Nilipolimwaga kwenye ungo nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutaka kuja huko nikuvishe ile soksi kichwani. Nikaanza kupepeta ili tu nijue ukubwa wa tusi. Vumbi likaruka, vikabaki vile vijiti vyeusi vyenye mkia mweupe. Nikakaa chini hapohapo sakafuni. Dada alikuwa akinitumia hivyohivyo kila mwaka kabla ya ukame, ndani ya karatasi. Hukujua hata hilo. Ulinitukana kwa kitu pekee nilichokuwa nakitaka duniani. Mtu mwingine angehitaji akili nyingi kufanya kosa zuri namna hiyo, wewe umelifanya bila hata kidogo.

Mlizungumza sana, unasema. Basi dada alikuwa analiitaje ua hili? Hujui. Nikwambie mimi. Aliliita "Mume Wangu." Nilimuuliza kwa nini, akaniambia: linajionyesha kuliko yote, halina harufu, linasumbua kila jirani kwa rangi yake, na halina faida mpaka likauke. Kisha akalikumbatia shina zima, akajichoma na miiba yake. Nami sikuelewa alichokiona kwako, na mpaka leo sielewi.

Mbegu sikutumii. Nikikutumia utazitia kwenye kopo tena. Ukizitaka njoo uzichume mwenyewe, ukae hapa mpaka ziive, nikuone ukingoja kitu bila kukibinya. Chumba cha nyuma kina kitanda. Hakina machela.

Mkunga


Tarehe 21 Februari

Kinyozi,

Ukiona mwandiko umepinda ni kwa sababu naandikia mapajani, kwenye kibaraza cha yule mwanamke. Ndiyo, nimekuja. Funga mdomo, nzi wataingia.

Hali ya hapa ni ya gereza lenye mapazia. Chai yake unaona mpaka chini ya kikombe, unaweza kusoma gazeti kupitia humo. Tunaamshwa kabla ya kuku. Ananipima presha bila kuniomba ruhusa, anaandika kwenye karatasi, anatikisa kichwa, haniambii. Redio anaisikiliza yeye, mimi nasikia tu. Viatu vyake vyote nimevishona soli upya kwa hiari yangu, kwa sababu sikuweza kuvitazama. Shukrani yake ilikuwa kuniambia cha kushoto kinabana.

Tunatukanana tangu asubuhi hadi taa zinapozimwa. Simwachii hata moja. Jana kaniita gunia la magoti, nikamwita sindano butu, akatoka nje akacheka huko akidhani simsikii.

Lakini maua, Kinyozi. Ukuta mzima! Nilipofika niliteremka kwenye basi nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga njia nzima, makali kweli. Nikafika kwenye tangi la maji nikayasahau. Nikasimama tu na begi langu. Yeye akanikuta hapo, akasema, "Ingia ndani, unazuia maji," akanichukulia begi.

Sasa vichwa vimeanza kuwa kahawia. Kila asubuhi navikagua, kila asubuhi anakuja nyuma yangu ameshika kikombe. Leo nimeona kimoja cheusi kabisa, kimesinyaa, kibaya kama sura ya Dereva. Nikasema hiki ndicho. Nikanyoosha mkono.

Akanipiga kofi mkononi. Pah! Kofi la kweli, la mtu aliyezoea kufukuza paka mezani.

"Bado," akasema. "Shina lake ni kijani. Huoni?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, la tatu ungelipenda sana. Nikageuka nimpe, nikajikuta nautazama mkono wake. Nimesimama hapo nimeshika mkono wangu kama mtoto. Tangu mke wangu aondoke, hakuna mtu aliyenipiga kofi mkononi.

Mkunga akanitazama. Sijui aliona nini. Akaweka kikombe chake chini, akavuta viti viwili mpaka ukutani, tukaketi.

Gundi